Kinanda kikiwa na USB na jeki kwa pamoja studio inavuma, na noti zinatoka mbilimbili

Solfa_Uyole

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kwa wenye ujuzi wa kuunganisha vyombo vya studio ya nyumbani. Studio ni chumba kimoja hapa Uyole, Mbeya, kazi kubwa ni kwaya na biti za injili. Vifaa ni hivi:

– Laptopu ya Windows 10, RAM 8 GB, chaja yake ina plagi ya pini tatu.
– Intafesi ya sauti ya USB (kiboksi cha kuingiza na kutoa sauti ya laptopu). Mbele ina matundu mawili yanayopokea XLR au jeki kubwa, nyuma ina jeki mbili za kwenda spika na MIDI (njia ya kupitishia ujumbe wa noti, si sauti) ya pini tano, IN na OUT.
– Kinanda cha mitindo (chenye midundo ya kusindikiza iliyo tayari) cha funguo 61. Kina USB, MIDI ya pini tano, na jeki mbili za kutolea sauti, L/MONO na R. Adapta yake ni ya pini mbili.
– Kontrola ndogo ya MIDI ya funguo 25, inakula umeme wa USB.
– Spika mbili za monita zenye amplifaya ndani, pini tatu. Programu ya kurekodi ni Reaper.

Shida ya kwanza: kinanda kikiwa na jeki peke yake, hakuna mvumo. Kikiwa na USB peke yake, hakuna mvumo. Nikiunganisha vyote viwili unaingia mvumo mzito, na juu yake mlio mwembamba kama wa mbu unaobadilika nikisogeza mausi.

Ya pili: nikibonyeza noti moja nasikia mbili, ya pili ikiwa nyuma kidogo.

Ya tatu: nikipiga ngoma kwa kontrola, sauti inachelewa mpaka mdundo unapotea.

Nimeshauriwa ninunue intafesi ya bei kubwa. Kabla hela haijatoka mfukoni, nisaidieni. Natanguliza shukrani.

---

FundiWaya_Mlandege

Kamwene mkuu. Hela ibaki mfukoni. Intafesi yako haina kosa, na kwa vile imekuja na MIDI ya pini tano, dawa unayo tayari hapo nyuma yake.

Angalia umeme unavyozunguka. Kinanda kimeshikana na laptopu kwa USB, na waya wa USB unaunganisha hasi ya kinanda na hasi ya laptopu. Kinanda hichohicho kimeshikana na intafesi kwa jeki, na ule waya wa nje wa jeki, neti, nao ni hasi. Intafesi nayo imeshikana na laptopu kwa USB nyingine. Hapo umefunga duara: laptopu, kinanda, intafesi, laptopu. Uchafu wa umeme wa laptopu na chaja yake unazunguka humo, unapita kwenye neti ya jeki, na kwa kuwa jeki ya kinanda ni ya mono, neti hiyohiyo ndiyo njia ya kurudia sauti. Intafesi haiwezi kutofautisha uchafu na kinanda. Ndiyo maana ukitoa kimoja, duara linakatika na unapata kimya.

Hakikisha kwanza kwa kutazama. Weka ReaEQ (EQ ya Reaper yenye grafu ya masafa) kwenye traki ya kinanda, usipige kitu, tazama masafa. Vilele vikiwa kwenye 50, 100 na 150 Hz, huo ni umeme wa ukutani. Kwa sikio la mwanamuziki, 50 Hz iko katikati ya G1 na G#1. Kilele kikiwa kwenye 1,000 Hz na vizidisho vyake, hiyo ni USB ya kinanda, kwa sababu USB ya kasi ya 12 Mbps hupiga pigo moja kila milisekunde. Intafesi zinazotumia 480 Mbps hupiga kila mikrosekunde 125, kwa hiyo mlio wake unakaa kwenye 8,000 Hz. Ukishaona kilele kiko wapi, unajua waya gani wa kuushika.

Sasa dawa. Chomoa USB ya kinanda kabisa, jeki mbili ziache. Chukua kebo ya MIDI ya pini tano: OUT ya kinanda iende IN ya intafesi. Basi. Ndani ya kila tundu la MIDI IN kuna kijitaa na kihisi cha mwanga vilivyofungwa pamoja: ujumbe unavuka kama mwanga, waya kwa waya havigusani. Kwenye kebo, pini 4 na 5 ndizo zinazobeba ujumbe. Pini 2 ni neti, na inashikwa upande wa OUT tu. Pini 1 na 3 hazina kazi. Duara halifungiki hata ukitaka.

Wengi wanaiogopa MIDI ya pini tano kwa kuwa ni ya 1983 na inakwenda biti 31,250 kwa sekunde. Hesabu yake haitishi. Noti moja ni baiti 3, kila baiti inasafiri na biti 10, jumla chini kidogo ya milisekunde 1. Kodi, yaani noti nne kwa pamoja, inafika yote ndani ya milisekunde 4. Kuchelewa kwako hakutoki huko.

Angalizo mbili za kebo. Isizidi mita 15. Na usichukue waya wa redio kaseti ya zamani kwa sababu plagi imefanana: nyingi hazina kitu kwenye pini 4 na 5, au zimekatizwa.

---

Biti_Makambako

Mbona mnazunguka sana. Vunja pini ya ethi (ya waya wa ardhini) kwenye chaja ya laptopu, au chomeka kwa adapta ya pini mbili. Mvumo unaondoka hapohapo, dakika moja.

---

FundiWaya_Mlandege

Huenda ukaondoka kweli, na kinga yako inaondoka nao. Tuseme mtu afanye hivyo kwenye spika pia. Waya wa moto ukigusa bodi ndani ya spika ambayo ethi yake imevunjwa, umeme wa 230 V utatafuta njia nyingine ya kwenda ardhini, na njia iliyo karibu ni neti ya kebo: spika, intafesi, maiki, mdomo wa mwimbaji. Ethi ikiwepo, fyuzi inakatika kabla mtu hajagusa kitu. Tafadhali mkuu, ushauri huo tusiuache humu bila jibu, kuna watakaoufuata.

Solfa, na wewe angalia ekstensheni yako. Zile zenye matundu yanayopokea plagi ya kila aina, nyingi ndani tundu la ethi ni pambo, halina waya. Chomoa ekstensheni ukutani, weka multimita kwenye alama ya mlio, ncha moja kwenye pini ndefu ya plagi, nyingine kwenye tundu la ethi. Isipolia, itupe. Na kama chaja au adapta ya pini mbili inaingia ukutani kwa kuchokonoa tundu la juu na kalamu, nunua adapta sahihi. Plagi iliyolegea inatoa cheche ndogo, na kila cheche inaingia kwenye rekodi kama "tak".

Spika, laptopu na intafesi vyote viwe kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli, kutoka tundu moja la ukutani. Kama ethi ya nyumba yenyewe unaitilia shaka, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) aipime. Hilo si la kubahatisha kwa tester ya bisibisi.

---

Kwaya_Tukuyu

Kaka Solfa, noti mbilimbili niachie mimi.

Kinanda cha mitindo kina akili mbili: funguo na mashine ya sauti. Ukibonyeza, funguo zinaipigia mashine ya ndani moja kwa moja, na wakati huohuo zinatuma MIDI kwa Reaper. Kama traki ya Reaper imewekwa kurudisha MIDI kwenye kinanda, au ina ala yake ya programu, utasikia mara mbili: ya kwanza ya kinanda, ya pili iliyozunguka kwenye kompyuta. Ingia kwenye menyu ya kinanda, sehemu ya MIDI, tafuta Local Control, weka Off. Funguo zitaachana na mashine ya ndani, na utasikia kile tu kinachotoka Reaper. Ukienda kupiga ibadani kumbuka kuirudisha On, la sivyo utapiga kinanda bubu mbele ya watu. Vinanda vingi hujirudisha On vikizimwa, lakini si vyote.

Kuna chanzo cha pili, na kitakupata ukifuata ushauri wa Fundi nusunusu. Ukiacha USB imechomekwa na ukaongeza pini tano, kinanda kinaweza kutuma noti ileile kwa njia zote mbili. Kwenye mipangilio ya Reaper, orodha ya vifaa vya MIDI, ruhusu ile ya intafesi na ile ya kontrola tu. Ya USB ya kinanda izime.

Halafu kwenye traki usichague chaneli zote, chagua chaneli 1. Kinanda cha mitindo kikiwa kinacheza mtindo, kinatuma pia ngoma, besi na vinginevyo kwenye chaneli zake. Ngoma kwa kawaida ya General MIDI ni chaneli 10. Ukirekodi zote kwenye traki moja yenye sauti ya piano, utasikia piano inapiga kiki na hi-hat za ngoma, kichekesho kitupu. Ukizihitaji ngoma za mtindo, zifungulie traki yake ya chaneli 10.

Noti ikinasa ikawa inalia bila kukoma, huenda kuna mahali OUT inarudi IN ya chombo hichohicho. Kata njia moja ya kurudi kabla hujagusa kitu kingine.

---

Solfa_Uyole

Ndaga fijo dada, na wewe Fundi. Nimebadilisha: pini tano imeingia, USB imetoka, Local Off, chaneli 1. Mvumo na mbu vyote kimya. ReaEQ ilikuwa inaonyesha kilele 1,000 Hz kweli, sasa hakipo. Noti ni moja.

Yamebaki mawili. Kuchelewa kwa kontrola bado. Na kuna kinanda cha pili, cha kanisani, kinakuja kurekodiwa: hicho hakina MIDI ya pini tano, kina USB tu, na sauti inatoka kwenye tundu la hedifoni peke yake. Nikichukua kebo ya stereo, jeki kwa jeki, hadi tundu moja la intafesi, besi na kiki vinapotea, kinabaki kitu chembamba chenye mwangwi.

---

FundiWaya_Mlandege

Hicho chembamba kina sababu yake. Tundu la jeki la intafesi linaposhikwa na plagi ya stereo halisikii kushoto na kulia. Linachukua ncha ya plagi, linatoa pete yake kama kwenye hesabu, kinachobaki ndicho sauti. Ncha ni kushoto, pete ni kulia. Kila kilicho sawa pande zote mbili, yaani besi, kiki na mwimbaji, kinajifuta. Kinachobaki ni tofauti tu, na mwangwi ndio wenye tofauti nyingi.

Unahitaji kebo moja inayoanza na plagi moja ya stereo na kuishia na plagi mbili. Zipo za kununua, lakini kwa kinanda chenye USB tu, ichomeleeni hivi ili duara lisifungike:

Nunua mita 6 za waya wa maiki, ule wenye nyuzi mbili ndani na neti nje, chagua mwembamba. Plagi tatu za jeki za stereo. Kama tundu la hedifoni ni dogo, moja iwe ya 3.5 mm. Kata waya vipande viwili vya mita 3.

Upande wa kinanda, plagi moja: uzi mwekundu wa kipande cha kwanza kwenye ncha, mwekundu wa kipande cha pili kwenye pete, nyuzi nyeupe zote mbili kwenye shina (sehemu ndefu ya nyuma ya plagi, ndiyo hasi). Neti zote mbili zikate fupi, zivishe mpira unaonywea kwa joto, zisiguse kitu chochote. Hapo pana ubanano, ndiyo maana nikasema mwembamba.

Upande wa intafesi, kila kipande na plagi yake: mwekundu kwenye ncha, mweupe kwenye pete, neti kwenye shina.

Kwa nini inafanya kazi: uzi mweupe unaipelekea intafesi hasi ya kinanda kama ilivyo, na uchafu wake wote. Intafesi inachukua nyekundu, inatoa nyeupe, na uchafu unajifuta kwa hesabu ileile iliyokufutia besi, safari hii ikiwa upande wako. Neti inakinga tu, haipitishi mzunguko. Sharti lake moja: USB ya kinanda ibaki imechomekwa, ndiyo inayokipa kinanda hasi ya pamoja. Ukiichomoa, kinanda kinaelea na kinaweza kuvuma kuliko mwanzo.

Kabla ya kuchomeka kebo popote pima kwa multimita. Shina la plagi ya kinanda hadi pete za plagi mbili: ilie. Ncha hadi ncha ya kipande cha kwanza, pete hadi ncha ya kipande cha pili: zilie. Shina la kinanda hadi shina za intafesi: isilie. Ikilia, kuna unywele wa neti umegusa, fungua tena.

Mafundi redio wa Mwanjelwa, hapo Mbeya, wanaichomelea hii wakiwa wamesimama. Mwonyeshe tu mahali pa neti, maana mazoea yao ni kuiunga pande zote.

Asiyetaka kuchomelea kuna kitenganisha USB, kiboksi kidogo kinachokaa kati ya kinanda na laptopu. Vile vya bei ya kawaida vinapitisha 12 Mbps, kinanda na kontrola vinatosheka. Usiweke intafesi humo. Ya 480 Mbps ama haitaonekana kabisa au itakatakata. Vile visanduku vya kuondoa mvumo vinavyouzwa kwa redio za magari pia vinaondoa, lakini transfoma zake ni ndogo na besi ikizidi inalewa. Kwa kwaya labda. Kwa biti, hapana.

Kwenye intafesi zima swichi ya gitaa, anza geni (kiwango cha kukuza sauti) chini kabisa, sauti ya kinanda iwe kama robo tatu, ukipiga kwa nguvu mita icheze karibu na -12 dB.

---

Njombe_ASIO

Kuchelewa kwa kontrola: fungua mipangilio ya sauti ya Reaper uangalie aina ya draiva (programu inayoendesha kifaa cha sauti). Ikiwa ni WaveOut au DirectSound, umepata mwizi. Weka ASIO, draiva ya haraka ya kazi za muziki, na chagua ASIO ya kampuni ya intafesi yenyewe, ipakue kwao. ASIO4ALL itumike kwa kifaa kisicho na draiva yake tu.

Kisha bafa, yaani sampuli ngapi za sauti zinakusanywa kabla ya kutoka. Kwa 44,100 Hz: bafa ya 128 ni milisekunde 2.9, 256 ni 5.8, 512 ni 11.6, 1024 ni 23.2. Hiyo ni ya kutoka tu, na draiva huongeza kidogo juu yake. Kwa kupiga ngoma kaa 128, au 256 laptopu ikilalamika. Ukimaliza kurekodi na kuanza kuchanganya, panda 1024, hakuna anayepiga kitu wakati huo. Ukisikia mikwaruzo na "tak tak", bafa ni ndogo mno kwa mzigo uliopo. Panda hatua moja.

Bafa ikiwa 128 na bado unahisi kuchelewa, tazama traki kuu. Limita inayochungulia mbele na EQ za fezi ya mstari (linear phase) zinashikilia sauti zote ili zijipange. Fungua dirisha la efekti, chini Reaper inaandika sampuli ngapi zinacheleweshwa. Ukiona 2048 pale, hiyo peke yake ni milisekunde 46. Zizime wakati wa kurekodi.

Hedifoni za Bluetooth zisiguswe kabisa kwenye kazi hii. Mpango wa umeme wa Windows uwe wa utendaji wa juu, zima kulala kwa USB, zima Wi-Fi. Intafesi ichomekwe kwenye tundu la laptopu lenyewe. Kontrola inaweza kukaa kwenye habu, intafesi hapana: USB 2 inatoa mA 500, na maiki ya 48 V nayo inakula humohumo.

Waimbaji wasisikilize kupitia Reaper. Kama intafesi ina kitufe cha monita ya moja kwa moja, wape hiyo, haina bafa.

---

Kwaya_Tukuyu

Niongeze jambo la kuwasha, maana spika zinaungua hapa. Kinanda na intafesi kwanza, laptopu ifungue programu, spika mwisho. Kuzima, spika kwanza. Umeme ukikatika ghafla, zima swichi za spika kabla haujarudi. Na kuanzia Novemba mvua zikija na radi, chomoa plagi zote ukutani. Swichi ya ekstensheni haizuii radi.

---

Solfa_Uyole

Njombe_ASIO, nilikuwa kwenye WaveOut kweli. Sasa ASIO, 128, ngoma zinakaa mahali pake. Plagi za kinanda cha pili nazitafuta kesho Mwanjelwa.

Kidogo cha mwisho: pedali ya sasteni kwenye kontrola inafanya kinyume. Nikikanyaga sauti inakatika, nikiachia inaendelea kulia. Pedali imeharibika?

---

Njombe_ASIO

Ni nzima. Pedali nyingine hufunga waya zikikanyagwa, nyingine hufungua, na chombo kinajua ni ipi kwa kutazama hali yake kinapowaka. Chomoa USB ya kontrola. Chomeka pedali, toa mguu, usiikanyage. Rudisha USB, subiri taa ziwake, ndipo ukanyage. Ikiwa bado ni kinyume, geuza pedali uangalie chini, nyingi zina swichi ndogo ya kubadilisha.